Weka begi lako kwenye mizani: maongezi kuhusu tableti na vitu tunavyobeba kila siku

Haya jamani, za saa hizi, nyie mliosimama kule nyuma kuna viti huku mbele, njooni mkae. Nimeitwa niongelee kufanya kazi kwa tableti na nimekubali haraka sana kwa sababu hii kitu naiishi kila siku, kazi yangu ni kusahihisha miswada ya watu, nasoma kurasa nyingi mno kwa wiki. Lakini sitaanza na tableti, naanza na begi, mnivumilie.

Kuna kipindi bega langu la kulia lilikuwa linauma kila jioni, nikawa nalaumu kiti, nikalaumu godoro, mwisho nikachukua begi nikaliweka kwenye mizani. Kilo sita na kitu. Nikamwaga kila kilichomo mezani: laptopu, chaja yake yenye lile tofali katikati ya waya, tableti, kibodi ya tableti, chaja ya simu, waya za chaji za aina tatu, pawabenki mbili, diski ya nje, hedifoni kubwa, daftari la karatasi na adapta ambazo nyingine hata sikukumbuka ni za kifaa gani. Alafu nikafanya zoezi ambalo nawaomba na nyie mlifanye: wiki mbili nzima, kila jioni kabla ya kulala, nikawa naandika ni kitu gani kwenye begi nilikigusa siku ile. Sio nilichodhani nitakihitaji, nilichokigusa kwa mkono wangu. Diski ya nje sikuigusa hata mara moja. Pawabenki ya pili, sijaigusa. Laptopu niliifungua siku nne kati ya kumi za kazi na siku zote nne nilikuwa nimekaa palepale ambapo ningeweza kuiacha usiku. Tableti niliigusa kila siku.

Sasa ndo tuje kwenye tableti yenyewe, maana watu wengi wanayo nyumbani imekaa tu inaangaliwa video, na mtu anakwambia nilijaribu kufanyia kazi ikanishinda. Ukimuuliza ulijaribu kufanyaje, utakuta alichukua kazi yake yote ya laptopu kama ilivyo akaihamishia pale.

Wazo la hiki kifaa ni la zamani kuliko wengi wetu humu ndani. Mwaka 1972 Alan Kay, akiwa kwenye maabara ya Xerox kule Palo Alto, aliandika kuhusu kompyuta bapa ya kubebeka kama daftari, akaiita Dynabook, na aliyekuwa kichwani mwake wakati anaiwaza ni mtoto anayejifunza. Kuitengeneza haikuwezekana wakati ule, vipuri havikuwepo. Baadaye watu wakajaribu, tableti iliyoitwa GRiDPad ikatoka 1989, Newton ya Apple ikaja 1993 ikafutwa 1998, Microsoft wakaja na Tablet PC zao 2002, na hizi za 2002 zinanifundisha kitu kikubwa kwa sababu zilikuwa na Windows ileile ya kwenye meza, vitufe vidogo vilivyotengenezwa kwa ajili ya kipanya, unavigonga na kalamu, kifaa kizito, betri inakata mapema. Walichukua laptopu wakaikata kibodi. Alafu Januari 27, 2010 Steve Jobs, bosi wa Apple, akapanda jukwaani na iPad, na kitu ninachokipenda kwenye ile siku ni kwamba jukwaani waliweka kiti cha sofa, akakaa, akaegemea, akaanza kusoma na kupekua kurasa kwa kidole. Gramu 680, inchi 9.7, na Apple wakasema betri inaenda saa 10. Kile kiti kilishasema kila kitu kuhusu kifaa kile ni cha nini.

Mwaka 2015 ikaja iPad Pro na kalamu yake na kibodi yake, na hapo tangazo likabadilika, ikawa iPad inauzwa kama mbadala wa laptopu. Hebu tupige hesabu ya uzito tu, mengine tuyaache. iPad Pro ya inchi 12.9 ya 2022 ina karibu gramu 680, ukiivalisha ile Magic Keyboard, kibodi ya Apple wenyewe, ambayo nayo ina kama gramu 700, unabeba kama kilo 1.4. MacBook Air iliyotoka 2022 ina kilo 1.24. Yani umelipa hela mara mbili, ya kifaa na ya kibodi, umebeba uzito mkubwa zaidi, alafu unapata kompyuta ambayo kuhamisha mafaili tu ni shughuli. Mimi kibodi ya tableti niliitoa kwenye begi siku ileile ya mizani na sijawahi kuijutia. Najua hapa kuna watakaonibishia, tutafika kwenye maswali.

Kazi ninayoipa tableti ni kusoma, kuandika kwa mkono, kusahihisha, kusaini. Basi. Na kwenye hizo kazi laptopu haiisogelei. Mswada unakuja kama PDF, nauweka uonekane ukurasa mmoja mmoja, kalamu mkononi, nakata, nazungushia, naandika pembeni, na mkono unakumbuka vitu ambavyo kibodi haikumbuki, mimi nikiandika kwa mkono kwenye ukurasa wa 40 kwamba huyu mhusika alishakufa, nikifika ukurasa wa 200 naikumbuka ile sehemu ya ukurasa nilipoandika, kona ya chini kushoto. Kitu kingine ni kikao. Ukifungua laptopu kwenye kikao unasimamisha ukuta kati yako na mtu unayeongea naye, haoni unafanya nini, anadhani unajibu meseji. Tableti inalala mezani kama karatasi, anaona unaandika anachosema, anaweza hata kunyoosha kidole akakwambia hapo umekosea. Kwa mtu anayefanya kazi ya kusikiliza watu, nyie mnaohoji, mnaofundisha, mnaotibu, hilo peke yake linatosha.

Kuhusu kalamu nitasema haraka. Zipo zinazotumia teknolojia ya kampuni ya Wacom, S Pen za Samsung zikiwemo, ambapo ncha inapata nguvu yake kutoka kwenye kioo chenyewe, kwa hiyo kuandika hakuhitaji betri kabisa. Apple Pencil ina betri ndani, lazima uichaji. Sisemi ipi ni bora, nasema ijue yako, kwa sababu kalamu iliyoisha chaji katikati ya kikao ni kijiti tu.

Na madirisha. Watu wanalilia madirisha mengi, iPadOS ya 2025, mfumo unaoendesha iPad, imeyaleta, unayapanga kama kwenye kompyuta ya mezani. Mimi nabaki na mawili, kushoto mswada, kulia maelezo yangu, sizidishi. Arifa zote nimezima isipokuwa simu ya kupigiwa. Ukiacha meseji ziwe zinashuka kutoka juu ya ukurasa unaousoma basi umeshaua sababu ya kubeba hicho kifaa, maana simu ilikuwa inatosha kukusumbua.

Sasa niwaambie kilichonipata, hiki kiliniuma kweli. Nilienda kwenye kikao na mwandishi, chumba cha ndani kabisa, kuta nene, mtandao hakuna. Nafungua folda, majina ya mafaili yote yapo, kila moja lina kialama kidogo cha wingu pembeni. Maana ya kile kialama ni kwamba faili halipo kwenye tableti, lipo kwenye seva huko, pale ulipo una jina tu. Masahihisho ya wiki tatu, na mtu amekaa mbele yangu ananisubiri. Ile apu ilikuwa imeyaondoa yenyewe ili kuokoa nafasi, bila kuniuliza. Tangu siku hiyo usiku kabla ya safari au kikao nawasha hali ya ndegeni, mtandao wote unakata, alafu nafungua faili moja moja ninalolihitaji kesho. Linalofunguka lipo. Lisilofunguka narudisha mtandao nalishusha. Dakika tano tu, na hamna setingi wala ahadi ya kampuni yoyote ninayoiamini kuliko hizo dakika tano. Na bakapu fuateni ule utaratibu wa wapiga picha wa 3-2-1, nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali na nyumbani. Wingu linalojilinganisha lenyewe na kifaa chako halihesabiki kama bakapu kamili kwa sababu ukifuta huku na kule kunafutika.

Haya, umeme. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo begi linapojaa takataka.

Pawabenki imeandikwa mAh 10,000, yani miliampia-saa, kipimo cha ujazo wa betri, mtu anaangalia betri ya tableti ina mAh 7,600 anasema nitachaji mara moja na kidogo. Hiyo hesabu inaweza kukudanganya, kipimo kinachofaa kulinganisha ni wati-saa. Betri za ndani ya pawabenki zina volti kama 3.7, kwa hiyo 10,000 unazidisha kwa 3.7 unagawa kwa 1,000 unapata wati-saa 37. Tableti ya inchi 11 kwa kawaida ina wati-saa 28 mpaka 31. Umeme unapotoka na kuingia sehemu inapotea kama joto, kwa hiyo kwa pawabenki ya 10,000 tegemea chaji moja nzima, usitegemee zaidi. Ukishalijua hilo unaona kwamba mtu anayerudi nyumbani kila jioni, na tableti inayokaa na chaji siku nzima, ile ya 20,000 anaibeba bure. Na wanaosafiri kwa ndege, kikomo cha kubeba bila kuomba ruhusa ni wati-saa 100, ambayo ni kama mAh 27,000, na lazima iwe kwenye begi la mkononi, kwa sababu betri ya lithiamu ikiwaka kule chini kwenye mizigo hakuna mtu wa kuifikia, ikiwaka karibu yako itaonekana.

Waya. Jamani waya. USB-C, ile mnayoiita Type-C, imetuokoa na pia imetuchanganya. Imetuokoa kwa sababu sasa simu, tableti, hedifoni vinakula waya mmoja, na Umoja wa Ulaya umeifanya sheria kwa simu na tableti zinazouzwa kule tangu Desemba 28, 2024. Imetuchanganya kwa sababu waya mbili zinafanana kama pacha na ndani ni vitu viwili tofauti. Mmoja unapitisha wati 60, mwingine 240. Mmoja unapitisha data kwa spidi ya megabiti 480 kwa sekunde, spidi ya mwaka 2000 hiyo, mwingine gigabiti 40. Mimi nilikuwa nahamisha rekodi za gigabaiti 40, nikawa nangoja kama dakika ishirini kila mara, nikawa naisema tableti vibaya, kumbe ni waya, mrefu mzuri umesukwa, lakini umetengenezwa hasa kwa ajili ya kuchaji, data unaipitisha polepole. Na wakati mwingine sio waya ni tundu, iPad ya kawaida ya 2022 ina tundu la USB-C ila spidi yake ni hizohizo 480, uweke waya wa aina gani haisaidii. Kateni vipande vya utepe, andikeni wati na spidi, bandikeni kwenye kila waya. Usioujua, uondoe kwenye begi.

Chaja nabeba moja, zile za GaN, gali nitraidi, zinapoteza umeme kidogo kama joto ndo maana zimekuwa ndogo, wati 65, matundu mawili. Angalizo moja: ukichomeka vitu viwili zinagawana, soma maandishi madogo ubavuni yatakwambia kila tundu linabaki na ngapi. Na betri yenyewe ya tableti, adui yake mkubwa ni joto, usiiache kwenye gari juani, usiichaji chini ya mto. Nyingi za sasa zina setingi ya kusimamisha chaji kwenye asilimia 80, iwasheni kama kifaa kinashinda kimechomekwa.

Maswali. Ndio dada, nakuona. Anasema yeye anaandika ripoti ndefu kila siku, je na yeye aache kibodi? Hapana dada yangu, wewe beba laptopu, tableti ndo uiache nyumbani. Zoezi la wiki mbili litakuonesha hivyohivyo, vidole vyako vinagusa nini. Ninachopinga ni kubeba vyote viwili kila siku kwa sababu ya siku moja ambayo labda itakuja.

Mzee wangu pale ameuliza kununua tableti iliyotumika. Shikamoo mzee. Kuna vitu vinne uvikague mkononi kabla ya kutoa hela. Kwanza mwenye nayo aondoe akaunti yake mbele yako, uione inawaka upya kama imetoka kiwandani, akikwambia atakutumia nywila baadaye rudisha. Pili, angalia kama kampuni bado inaipa masasisho ya usalama, yakishakata apu nazo zinaanza kukataa moja moja. Tatu, iendeshe video mwanga juu kabisa kwa robo saa uone chaji imeshuka kiasi gani. Na nne, kama unataka kuandika kwa mkono kama mimi, hakikisha kalamu uliyoahidiwa inaikubali tableti hiyohiyo, kwa sababu Apple Pencil zipo za aina kadhaa na hazishikani na kila iPad, nimeshaona mtu amebaki na kalamu mpya kabisa isiyoandika popote.

Begi langu hili hapa mezani, limebaki kilo moja na gramu mia nane pamoja na chupa ya maji. Mizani iko pembeni, mwenye begi lake asogee tupime.