Mtaa sio wa kupita tu

Hili nimelisema sana na leo nalisema tena, maana kila wakitaka kutanua barabara ya mtaa wanahesabu magari tu, yatapita mangapi, kwa spidi gani, basi. Mama anayekaa nje jioni akipiga stori na jirani wa ng'ambo hayumo kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Sasa sikilizeni. Kulikuwa na mtaalamu wa mipango miji kule Marekani, Donald Appleyard, alichukua mitaa mitatu ya San Francisco inayofanana karibu kila kitu, tofauti kubwa ni magari. Mmoja ulipitisha kama 2,000 kwa siku, wa pili 8,000, wa tatu 16,000. Wakaulizwa wakazi, una marafiki wangapi hapa mtaani? Mtaa mtulivu, wastani watatu. Ule wa magari mengi hata mmoja haufiki, ni 0.9! Halafu wakaambiwa wachore kwao ni wapi mpaka wapi, wa mtaa mtulivu wakauzungushia karibu mtaa mzima, wale wengine wakaishia kwenye jengo lao. Hapa huwa siwezi kupita haraka jamani. Mtu ambaye kwake kunaishia mlangoni, mtoto akianguka huko nje atatoka kumwangalia? Atajua hata ni wa nani?

Najua kuna mtu anasema moyoni, siku hizi marafiki wako kwenye simu. Sawa, wako, lakini grupu la simu haliwezi kuona kwamba dirisha la bibi wa nyumba ya tatu halijafunguliwa tangu asubuhi. Anayeona ni yule aliyekaa tu nje, tena hata hakupanga kuangalia.

Na wa biashara nao, eti magari yakizuiwa maduka yatakufa. Kule Copenhagen, Denmark, walipoifungia magari Strøget, barabara yao ya maduka katikati ya jiji, mwaka 1962, wenye maduka walilia hivyohivyo, mpaka leo ni ya waenda kwa miguu na ni ya maduka.

Nilitaka kuongelea mabenchi na vivuli ila muda umebana, niseme tu Uholanzi tangu 1976 sheria inatambua mitaa ambayo gari linatembea mwendo wa mguu na watoto wanacheza humohumo barabarani. Kwa hiyo mkiitwa kikao cha barabara waulizeni, wanaosimama na kukaa hapa amewahesabu nani? Kama hakuna, wakahesabu kwanza ndo turudi kikaoni.