Thamokapo ina ncha mbili, msiisahau ile ya pili

Habarini za asubuhi jamani, sogeeni mbele huku maana hiyo feni ya nyuma inapiga kelele. Leo sina slaidi, nina waya tu mkononi.

Nianze na jiko la gesi. Wenye jiko lenye oveni mnajua, unawasha halafu unashikilia swichi umeibonyeza sekunde kadhaa, ukiachia mapema moto unazima, basi mtu anasema jiko bovu. Si bovu. Pembeni ya moto kuna kijiti kidogo kimesimama, hicho ndo thamokapo, kinasubiri kipate moto kitoe milivolti zake chache za kushika sumaku ya valvu, na upepo ukizima moto kikapoa, sumaku inaachia, gesi inafungwa. Hakuna betri wala TANESCO hapo.

Umeme unatoka wapi sasa? Chukua waya mbili za metali tofauti, ziunge ncha moja, ipashe moto, ncha ya pili iache kwenye ubaridi, unapata volti ndogo. Mwanasayansi mmoja Mjerumani, Seebeck, aliliona hili mwaka 1821, akaona sindano ya dira inacheza akadhani ni mambo ya sumaku tu, kumbe ni mkondo wa umeme unapita, mwenzake Ørsted wa Denmark ndo akaja kuliweka sawa. Sikilizeni hapa: volti inatokana na TOFAUTI ya joto kati ya ncha mbili. Thamokapo yenyewe haijui oveni ina nyuzi ngapi za joto, inajua tu oveni imezidi kule kwenye kontrola, kile kiboksi kinachosoma volti na kuongoza moto, kwa kiasi gani, halafu kontrola inapima joto la terminali zake, pale waya zinapofungwa, na kujumlisha.

Mi hili nililijua kwa aibu. Naanza anza kazi, bekari moja wakataka kontrola ihamishwe mbali na joto, waya wa thamokapo haufiki, nikaunga na waya wa kawaida wa shaba, ule wa taa. Kontrola ikaonyesha namba, nikakusanya vifaa nikaondoka zangu. Kesho yake alfajiri simu, mikate yote imeungua chini. Nafika nagusa lile boksi nililoungia, lipo ukutani kwa oveni, halishikiki, kama nyuzi 60 hivi, na kule kwenye kontrola ni 28. Shaba kwa shaba haitoi kitu, kwa hiyo zile nyuzi 32 za katikati zimepotea njiani, kontrola inasoma 220 ndani ni 252, na yenyewe inaona mambo safi kabisa. Thamokapo zina aina zake kwa herufi, kila moja na jozi yake ya metali, na ile ilikuwa taipu K, kromeli na alumeli, metali za mchanganyiko wenye nikeli, nilitakiwa niunge na waya wa K huohuo mpaka terminali ya mwisho. Mwenye bekari alinikata hela ya unga, alikuwa na haki yake.

Hiyo K ndo mtakutana nayo kila mahali, inatoa kama maikrovolti 41 kwa kila nyuzi moja, inapanda mpaka nyuzi 1200 na ushee. Ila ikiwa ndani ya bomba la kuikinga lisilo na hewa ya kutosha, kati ya nyuzi 800 na 1050, kromu ya ule waya inaliwa, unageuka kijani, inaanza kusoma chini bila kukwambia, hapo bora uweke taipu N. J ni chuma na konstantani, mchanganyiko wa shaba na nikeli, na chuma ni chuma tu, kwa unyevu huu wa Tanga inaota kutu, na juu ya 750 usiende nayo. T, shaba na konstantani, ni ya friza na vyumba vya baridi. E inatoa volti kuliko zote hizo, mi naipenda. S, R na B ni platinamu na rodiamu, za tanuri za kioo na chuma kilichoyeyuka, B inafika 1700, bei msiniulize, na usije ukaiacha mezani ukaenda chai.

Ehe, dada pale kauliza rangi za waya, ipi chanya ipi hasi. Hapa ndo fundi umeme anapopotea. Kwenye waya wa Kimarekani nyekundu ni HASI, ndiyo, hasi, K yao ni njano na nyekundu. Ya kimataifa ni kijani na nyeupe, nyeupe ndo hasi. Ukigeuza, oveni inapanda namba inashuka, kontrola inasema bado baridi, ongeza moto! Na kama rangi zimeungua huzioni, tumia sumaku: kwenye K waya unaonata ni alumeli, hasi, kwenye J unaonata ni chuma, chanya. Njooni mjaribu wenyewe, sumaku ninayo hapa, nimeitoa kwenye spika mbovu.