Mbuna, utaka na bikoni za ubongo

NEEMA: Karibuni tena. Leo Salum kaniletea samaki.

SALUM: Samaki wa kuongelea, dada, usitafute ndimu. Mbuna. Wewe mtoto wa Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, hebu waeleze wasikilizaji.

NEEMA: Visamaki vya rangi, bluu, manjano, vinashinda kwenye mawe vikikwangua ule utelezi wa kijani. Utoto wetu tulikuwa tunavichungulia tu, maana ukitega wavu pale, jiwe linaondoka nao. Nasikia Ulaya watu wanavifuga sebuleni.

SALUM: Na ukitoka kwenye mawe?

NEEMA: Mchangani kuna wengine kabisa. Halafu kuna utaka, wale wa makundi, hao ndio kitoweo.

SALUM: Sasa utaka, kwa vinasaba, wako karibu zaidi na wale wa mchangani kuliko na mbuna. Ziwa Nyasa lina spishi zaidi ya 500 za jamii hii, ndugu wa sato na perege, na wametengana juzijuzi tu kwa hesabu za mageuzi. Lakini ukipasua vichwa, ubongo haufanani. Mbuna ana sehemu kubwa ya mbele kabisa, telensefaloni, ile ambayo kwetu sisi ndiyo imekuwa ubongo mkubwa. Wa mchangani yeye amejaliwa thalamasi, kituo kinachopokea habari, za macho zikiwemo, na kuzigawa.

NEEMA: Si kwa sababu ya maisha yao? Kiungo unachokitumia kinanenepa.

SALUM: Ndivyo wengi tungedhani. Na hata kwenye sayansi, mawazo yaliyotawala yalikuwa kwamba ramani ya ubongo ni ileile kwa wote, tofauti inaingia baadaye: huku seli zinazaana zaidi, kule zinaacha mapema. Mwaka 2010 maabara ya Todd Streelman, pale Georgia Tech, Atlanta, ikaja na jibu lingine. Tofauti ipo tangu kwenye ramani yenyewe, kabla hata hizo sehemu hazijawa sehemu.

NEEMA: Umeionaje ramani kwenye kiinitete cha samaki?

SALUM: Kwanza unakipata. Mbuna jike hulea mayai mdomoni, kwa hiyo unamfungua mdomo taratibu, watoto wanamwagika.

NEEMA: Maskini.

SALUM: Halafu unatafuta jeni gani inafanya kazi wapi. Kila seli ina jeni zilezile, sawa? Ila jeni ikiwa kazini inatoa nakala za RNA. Unatengeneza kipande cha RNA kinachong'ang'ania nakala hizo tu, unakitia alama. Alama inayotumika sana hutokana na mmea, digoksijenini, kwa sababu mwilini mwa mnyama haipo, haikuchanganyi. Mwishoni panatokea rangi ya zambarau pale tu jeni inapofanya kazi.

NEEMA: Yaani kama umemchovya bibi harusi mzima kwenye hina, halafu inashika kidole kimoja.

SALUM: Hicho kidole ndicho unachokitafuta! Sasa, kwenye ubongo wa mbele kuna mstari mwembamba wa seli, na jeni inayowaka pale inaitwa sonic hedgehog.

NEEMA: Kalunguyeye?

SALUM: Kalunguyeye wa mchezo wa video, ndiyo. Wanabiolojia nao wana utani wao. Mstari huo ni kama safu ya bikoni, zile nguzo za mpaka wa viwanja. Mbele kuna jeni kama six3 na fezf2 zinazoshikilia eneo lao, nyuma kuna wnt1 na irx1b. Zinasukumana, na mahali zinapofikia mwafaka, bikoni zinasimikwa.

NEEMA: Na kwa mbuna zimesimikwa kwingine.

SALUM: Umeshafika. Kati ya mbuna na wa mchangani, jeni hizo zinatofautiana mapema kabisa. Bikoni ikisogezwa kabla ya ujenzi, nyumba ya mmoja inakuwa kubwa na ya jirani inabanwa. Mafundi walewale, tofali zilezile.

NEEMA: Kaka, hapo nikubane. Kwenda pamoja si kusababisha. Labda bikoni ni dalili tu.

SALUM: Ndiyo maana sehemu niipendayo ni jaribio. Walichukua viinitete vya mbuna wakavitia kwenye kloridi ya lithiamu, kwa kipimo na kwa muda maalumu.

NEEMA: Lithiamu ya betri?

SALUM: Hiyohiyo, na ya vidonge vya hospitali pia. Inaongeza nguvu ya ishara za Wnt, zile zinazosukuma kutoka nyuma. Mbuna wale wakakua na mpangilio wa jeni, mstari, na ubongo wa mbele unaofanana sana na wa samaki wa mchangani.

NEEMA: Duh! Mtoto wa jiwe, kichwa cha mchanga.

SALUM: Kisha wakatazama DNA. Ndani ya irx1b kuna herufi moja: ukoo wa mawe una yake, ukoo wa mchanga una nyingine.

NEEMA: Basi herufi hiyo ndiyo iliyohamisha bikoni.

SALUM: Taratibu. Umenibana mwenyewe sasa hivi. Koo mbili zikitengana zinabeba tofauti nyingi, nyingine ni abiria tu. Lithiamu inathibitisha kwamba kusogeza ishara kunatosha. Haithibitishi herufi.

NEEMA: Nimekubali. Ila ni kichekesho, ziwa lenyewe lina mgogoro wa mpaka, sisi tunasema Nyasa, jirani anasema Malawi, kumbe na samaki wake wana mipaka yao kichwani.

SALUM: Ya samaki inaamuliwa haraka zaidi.

NEEMA: Na mama, muda wote huo ana watoto mdomoni, anakulaje?

SALUM: Wiki tatu hivi. Karibu hali kitu.

NEEMA: Kwa hiyo kipimo chote cha viwanja kinafanyika mama akiwa na njaa, kafunga mdomo.

SALUM: Mpaka aje mtu wa maabara kumfungua.