Kulaza Pikipiki ya Porini Kabla ya Masika: Anza na Kabureta

Haya wadau, karibuni gereji. Leo tuko Kigamboni, na hii hapa mbele yenu ni Honda XL, pikipiki ambayo wengi mmeiona vijijini chini ya mabwana shamba na mabwana afya. Mwenye hii huipeleka Pugu na Kisarawe mwisho wa wiki. Masika ikianza Machi haitoki tena hadi njia zikauke, yaani inaweza kukaa mpaka Juni. Kwa hiyo tunafungua kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, tunaisafisha, halafu tunailaza pikipiki ili siku ya kuiamsha ipigwe kiki iwake.

Video nyingi za kazi hii zinatoka Marekani na Kanada, wanahifadhi vyombo vyao kwa ajili ya theluji. Sisi kinachotumaliza hapa ni unyevu na chumvi ya bahari. Ila petroli iliyosahaulika ndani ya kabureta haijali hali ya hewa, inaharibu kulekule na huku. Sehemu nyepesi za petroli huruka kwanza, kinachobaki kinakuwa kizito, mwisho kinaganda kama gundi ya rangi ya chai. Na tundu la pailoti jeti, kile kimrija kidogo kinachopitisha petroli injini ikiwa inanguruma bila kuvutwa, halifiki hata nusu milimita. Ndiyo maana pikipiki iliyolala inawaka kwa choki tu: ukirudisha choki inazima, sailensa haikai, yaani injini hainguruni yenyewe bila kuvuta mafuta, na ukiivuta inapiga misi, inakatakata.

Vifaa sasa. Bisibisi ya nyota inayokaa vizuri kwenye skrubu, na hapa siongezi wala sipunguzi, kwa sababu skrubu za kabureta za Kijapani ni laini na bisibisi iliyolika itazimaliza vichwa. Spana namba 8 na 10, kopo la kabu klina (dawa ya kupuliza ya kusafishia kabureta), miwani ya kukinga macho, chupa ya kioo, sahani nyeupe na vitambaa safi. Kabu klina utaipata kwenye maduka ya spea, Kariakoo yamejaa. Fanyia kazi nje au mlango ukiwa wazi, na jiko la mkaa au la gesi lisiwe karibu. Sigara weka mbali, kaka.

Kabla hujagusa kitu, futa kabureta yote kwa nje. Huu mchanga wa Kigamboni ukiuacha juu utaangukia ndani ya injini. Funga koki ya mafuta, chomoa mpira wake, kisha legeza skrubu ya chini ya bakuli, pale kabureta inapotunzia mafuta, mafuta yamwagikie kwenye chupa. Kamera sogea hapa. Iache chupa itulie. Mnaona chini kule, yale matone yanayotambaa bila kuchanganyika? Hayo ni maji. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hulala chini ya bakuli, palepale jeti zinapovutia. Ukiyakuta, tanki nalo limwage lote, usisafishe kabureta peke yake.

Fungua kofia ya juu, vuta slaidi, kile kipande kinachopanda na kushuka ukivuta mafuta, pamoja na sindano yake. Usitoe kebo, vifunge tu kwenye mfuko safi uvining'inize kwenye usukani. Legeza klampu mbili, chomoa kabureta, na pale ilipotoka ziba kwa kitambaa.

Sasa tunakaa mezani. Skrubu za bakuli: sukuma bisibisi kwa nguvu chini huku unazungusha taratibu. Ikigoma, igonge kidogo kwa juu kwanza. Bakuli likishafunguka, utaona floti, yaani boya, na kipini chake. Kipini hiki kisukume kwa upole, maana nguzo zinazokishika ni za alumini ya kumiminwa, zikivunjika umenunua kabureta. Floti ikitoka inakuja na vali yake ndogo yenye ncha. Iangalie ncha kwenye mwanga: ukiona imechorwa pete, haifungi tena sawasawa, na mafuta yatakuwa yanamwagika kupitia mpira wa chini. Ibadilishe.

Toa meni jeti, ile jeti kubwa, halafu pailoti. Kuna kabureta ambazo pailoti imepigiliwa kiwandani, haina mkato wa bisibisi. Hiyo iacheni ilipo, tutaisafisha ikiwa ndani. Halafu skrubu ya mchanganyiko wa hewa na petroli. Hii kabla ya kuitoa, ifunge kwanza taratibu mpaka iguse, ukihesabu mizunguko. Andika hiyo hesabu. Usiikaze ikishagusa, ncha yake inaharibika. Ndiyo itoke sasa, na ndani ya tundu usisahau springi, kile kibati cha duara kiitwacho washa, na kioringi kidogo cha mpira, hupenda kubaki humo.

Inueni pailoti kwenye mwanga wa dirisha. Mnapaswa kuona kitundu cha duara, safi. Hii yetu haionyeshi kitu, giza tupu. Puliza kabu klina, iache ilowe, puliza tena. Ikigoma, chukua uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya laini wa umeme. Msitumie sindano ya kushonea wala waya wa chuma! Jeti ni ya shaba nyeupe, laini, ukikwangua tundu likapanuka kidogo tu, pikipiki itakunywa mafuta na hutajua kwa nini.

Ila jeti kuwa safi peke yake haitoshi. Kazi yenyewe iko kwenye njia za ndani, na fundi mwenye haraka huziruka. Vaa miwani, kwa sababu dawa unayoingiza tundu hili inaweza kutokea lile ikakurukia jichoni. Weka mrija wa kopo kwenye njia ya pailoti, bonyeza, na tazama ndani ya koo la kabureta, pale slaidi inaposhukia. Kuna vitundu vidogo, lazima dawa itoke pale kwa nguvu. Ikitoka kwa kutiririka, bado. Rudia njia zote, kisha malizia kwa upepo wa kompresa. Oringi na gaskiti zisiguswe na dawa hii, inazivimbisha.

Kurudisha ni kinyume cha kufungua, skrubu ya mchanganyiko iwe kwenye ile hesabu uliyoandika. Jeti zikazwe kwa vidole viwili tu vya nguvu. Fungua koki, subiri kama kuna tone, kisha washa. Sikilizeni sailensa hiyo, imekaa.

Injini ikiwa ya moto ndiyo tunaanza kulaza. Mwaga oili yote sasa, weka mpya, kwa sababu oili iliyotumika ina asidi na unyevu, na hiyo ndiyo italala na beringi zako miezi mitatu. Jaza tanki la chuma mpaka karibu na shingo. Najua wapo wanaosema limwagwe, lakini kwa unyevu wetu tanki tupu linapata kutu kwa ndani, na kutu hiyo itarudi kwenye kabureta. Washa tena dakika chache oili izunguke, funga koki, uiache injini ijizimie yenyewe. Bado kuna mafuta kidogo kwenye bakuli, legeza ile skrubu ya chini yaishe, kisha uikaze tena. Bakuli likiwa kavu, gundi haina pa kuanzia.

Toa plagi, tia kijiko cha chai cha oili safi ndani ya silinda, piga kiki polepole mara chache swichi ikiwa imezimwa, rudisha plagi. Sponji ya hewa ifue kwa maji ya sabuni, ikauke kabisa, uipake oili yake.

Chumvi nayo: kama ulipita ufukweni, osha kwa maji baridi ya bomba, kausha, paka cheni oili. Betri itoke, ikae ndani. Kama ni ya volti 12, ipime kila mwezi, ikishuka chini ya 12.4 ichajiwe. Panga magogo chini ya injini matairi yasiguse sakafu. Ziba ekzosi kwa kitambaa cha rangi kali, panya wanapenda kuzalia humo. Kufunika, tumia shuka la pamba. Turubai la nailoni linatoa jasho kwa ndani, na humo ndimo kutu inaanzia.

Juni ikifika, toa kitambaa cha ekzosi kwanza, rudisha betri, fungua koki na uipe dakika moja bakuli lijae. Vuta choki, piga kiki. Moshi mweupe wenye ubuluu utatoka mwanzoni, ni ile oili ya kwenye silinda inaungua, uacheni utoke.