Wasifu wa Bibi Aliyekuwa Muuguzi na Mwanariadha

Ndugu wasikilizaji, wakubwa shikamooni, na wengine hamjambo. Leo tunazungumzia namna ya kuandika wasifu wa marehemu, na tumechagua mfano mgumu kidogo: mama aliyefanya kazi ya uuguzi maisha yake yote, aliyekimbia riadha ujanani, na ambaye wajukuu walimjua kama bibi yao tu.

Ugumu uko kwa watakaousikiliza msibani. Wauguzi wenzake watakuwepo, waliokimbia naye watakuwepo, wajukuu watakuwepo, na kila kundi linamjua mtu mwingine. Ukisoma kwamba alikuwa mchapakazi, mpole na mcheshi, hakuna atakayepinga na hakuna atakayekumbuka. Sifa hizo husomwa katika kila msiba. Mtu hubaki kwa vitendo vyake, na vitendo vikielezwa kwa usahihi, huko ndiko kumheshimu.

Anzeni na makaratasi kabla ya masimulizi. Tafuteni cheti cha uuguzi, barua za uhamisho, vyeti vya mashindano, picha. Medali igeuzeni, maana mara nyingi mwaka na mbio vimechongwa upande wa nyuma. Kisha chukueni karatasi moja pana, mchore safu tatu: kazi, riadha, familia, na miaka ishuke pembeni. Hapo ndipo mambo huanza kujitokeza. Huenda msimu aliokimbia vizuri kuliko yote ukaangukia mwaka wa zamu za usiku, na pengo kwenye mashindano likaangukia mwaka aliojifungua.

Upande wa kazi, msiseme alihudumia wagonjwa kwa moyo mkunjufu mkaishia hapo. Alikuwa wodi gani? Leba, watoto, au chumba cha upasuaji? Muuguzi, mkunga na muuguzi msaidizi si kazi moja, na wenzake watalisikia kosa hilo papo hapo. Kisha chagueni kazi moja mwieleze mpaka asiyejua aione. Chukueni dripu. Daktari ameandika lita 1 iishe kwa saa 8, na mpira wa dripu unatoa matone 20 kwa kila mililita. Hayo ni matone 20,000 ndani ya dakika 480, yaani kama 42 kwa dakika. Pasipo mashine, muuguzi alisimama kando ya kitanda, akaitazama saa aliyoibana kifuani, akahesabu matone huku akikaza au kulegeza kibano cha mpira, kisha akaenda kwa mgonjwa wa pili. Mgonjwa akijigeuza au akikunja mkono, kasi hubadilika, na hesabu huanza upya. Kama alianza kazi kabla sindano za kutupa hazijaenea, waulizeni wenzake juu ya mabomba ya sindano ya kioo yaliyochemshwa na sindano zilizonolewa. Ncha ilipitishwa kwenye pamba: ikinasa nyuzi, ina kijino, nayo inarudi kwenye jiwe la kunolea. Maelezo hayo yanaonyesha huruma yake bila kulitaja neno lenyewe.

Siri za wagonjwa zinabaki siri. Kutotaja jina hakutoshi. Ugonjwa, mwaka na kazi ya baba wa mgonjwa vikitajwa pamoja, walioketi mbele wamekwisha kumjua.

Kwenye riadha ndiko makosa huwa mengi, na ndiko tungependa mkae zaidi. Wasifu mwingi husema marehemu "hakubahatika kufika mbali". Tazameni kwanza miaka yake. Wanawake walikimbia mita 800 kwenye Olimpiki ya Amsterdam mwaka 1928, kisha mbio hizo zikaondolewa hadi Roma mwaka 1960. Mita 400 za wanawake ziliingia 1964, mita 1,500 mwaka 1972, na marathoni ya kilomita 42.195 ikasubiri hadi Los Angeles mwaka 1984. Msichana mwenye pumzi ya mbio ndefu katika miaka ya 1950 hakuwa na mbio yake kwenye Olimpiki. Hakushindwa kufika, mlango ulikuwa umefungwa. Semeni hivyo waziwazi, maana ni haki yake.

Muda wake msiubadilishe. Kama alikimbia yadi 440, hizo ni mita 402.34, si mita 400. Saa ya kubonyeza kwa mkono huanza kwa kuchelewa kidogo, kwa hiyo kwenye mita 100 huonyesha muda mzuri kuliko ule wa saa ya umeme, na tofauti inayokubalika ni sekunde 0.24. Isitoshe, njia za mpira zilitumika kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1968; kabla ya hapo mguu ulikanyaga majivu ya makaa, udongo au nyasi. Andikeni umbali, muda, aina ya saa na aina ya njia kama vilivyokuwa.

Kwa wajukuu, muulizeni kila mmoja peke yake, kwani wakiwa kundi wote humfuata mkubwa wao. Msiulize bibi alikuwa mtu wa namna gani. Ulizeni: mkiwa wawili tu, mlikuwa mnafanya nini? Hapa pana jambo la kuangalia. Watoto wa muuguzi wa zamu za usiku walikua wakinyamaza mchana ili mama alale. Muda uliochukuliwa na zamu, mara nyingi wajukuu ndio walioupata alipostaafu. Mkiwasifia wajukuu tu, mnawaumiza watoto wake walioketi safu ya mbele. Waonyesheni sehemu hiyo kabla ya siku yenyewe.

Maneno 600 yanatosha kwa dakika kama sita, maana msibani usomaji huwa wa polepole. Chapeni kwa herufi kubwa, upande mmoja wa karatasi, kurasa zina namba, na sentensi isikatike ukurasa unapoisha. Muda wa mbio uandikeni kwa maneno, "dakika mbili na sekunde kumi na nne", msomaji asije akakwama. Sauti hukatika kwenye majina ya wajukuu, kwa hiyo yawekeni katikati, si mwisho, na mtu wa pili asimame karibu akiwa na nakala yake, ajue atapokea kwenye mstari gani.

Baadaye hifadhini nakala pamoja na ile karatasi ya safu tatu. Nyuma ya picha andikeni majina kwa penseli laini, kwa kuwa wino hupenya. Medali msizisugue kwa dawa ya kung'arishia, kwani kila msuguo huondoa kidogo cha maandishi.