Herufi K ya Mwalimu

Shikamooni wazee wetu. Walimu wenzangu, vijana mlioacha mpira jioni hii, na nyinyi mliovuka maji kutoka Ukara, asanteni kwa kuja. Mmeniomba niseme juu ya mjomba wangu, aliyetutoka mwaka jana. Nitamwita Mwalimu, maana sijapata kumsikia mtu hapa Ukerewe akimwita vinginevyo. Hata mkewe, huyu aliyeketi hapa mbele, alimwita Mwalimu wakiwa jikoni wawili tu.

Nianze na jambo dogo. Mwalimu alikuwa na K yake. Mguu wa chini wa herufi hiyo haukuishia kwenye mstari kama tunavyofundishwa vyuoni. Uliteremka chini ya mstari, kisha ukapinda. Aliwaeleza wavuvi hivi: K ni mlingoti, kamba moja inapanda juu, nyingine inazama majini, na mwisho wa kamba ya majini pana ndoana. Mtu aliyeipata K kwa namna hiyo hakuisahau tena. Mimi mwenyewe naiandika hivyo hadi leo, na wakaguzi wameshanisahihisha mara mbili.

Aliianza kazi akiwa mtoto. Desemba 1970 Rais Nyerere alitaja wilaya sita ambazo zilitakiwa kufuta ujinga wa kusoma na kuandika kabla ya mwaka 1971 kwisha. Ukerewe ilikuwamo, na kisiwa chenzetu cha Mafia kilikuwamo pia. Walimu wa kutosha watatoka wapi? Wakachukuliwa waliokuwa karibu: makarani, masista, makatekista, na vijana waliokuwa wamemaliza darasa la saba juzi tu. Mwalimu alikuwa na miaka 15. Alikabidhiwa ubao, chaki, na watu wazima ishirini na kitu, na mmoja wao alikuwa mama yake mzazi.

Bibi yangu huyo aliuza dagaa na kulima pamba kidogo. Kila msimu wa pamba alikwenda chama cha msingi, akachovya dole gumba kwenye wino wa zambarau, akabonyeza karatasi asiyojua imeandikwa nini, akapewa fedha asizojua kama zimetimia. Alikuwa akilisugua dole lile kwa majivu njiani anaporudi, ili watu wasilione. Alinisimulia mwenyewe. Alisema wino haukumkera. Kilichomkera ni karani aliyekishika kidole chake na kukibonyeza kama anagonga muhuri, bila kumtazama usoni.

Vitabu vya kisomo vya huku kwetu Kanda ya Ziwa vilitungwa kwa kazi za watu. Mradi ulioendeshwa na serikali pamoja na UNESCO, makao yake yakiwa Mwanza, ulikuwa na vitabu vya pamba, vya uvuvi, vya migomba, vya ng'ombe. Mtu hakuanza na a, e, i, o, u hewani. Alianza na neno alilolishika mkononi asubuhi ile. Mwalimu akaongeza la kwake: alileta mizani darasani, akamfundisha mama yake kuisoma kabla hajamfundisha kuandika jina. Nadhani hapo ndipo alipokuwa mwalimu hasa, ingawa cheti kilikuja miaka mingi baadaye.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Nyote mnaokumbuka redio ya mkulima mnaijua: watu wanakaa kikundi, wanasikiliza kipindi, mmoja anayejua kusoma anawasomea kitabu, halafu wanajadili, halafu wanainuka kwenda kufanya. Msomaji wa kikundi cha kwetu alikuwa yeye. Wakachimba vyoo. Mwalimu alishuka shimoni wa kwanza, kwa sababu wazee walikuwa wakinong'ona kwamba mtoto anawaamrisha.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta hapa, na naomba mnisikilize vizuri.

Novemba 1974, Azimio la Musoma lilitaka elimu ya msingi kwa kila mtoto iwe imefikiwa ifikapo 1977, na siyo 1989 kama ilivyopangwa hapo awali. Hebu fikirini. Miaka kumi na miwili imekatwa kwa kikao kimoja. Watoto wakamiminika shuleni kwa maelfu, na vyuo visingeweza kutoa walimu kwa kasi hiyo. Ndipo vijana wa darasa la saba wakachukuliwa tena. Walifundisha huku wakisoma: mchana wako darasani na watoto, jioni wako na mratibu, redio, na masomo yaliyoletwa kwa posta. Hao ndio walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote. Mwalimu alikuwa mmoja wao.

Mnajua walivyoitwa. Herufi zile tatu watu walizigeuza wakasema ni Ualimu Pasipo Elimu. Nilikuwa darasa la tano nilipomsikia mkubwa mmoja aliyekuja kukagua shule akilisema hilo mbele ya mjomba wangu, na mbele yetu wanafunzi. Mwalimu alinyamaza. Aligeukia ubao, akaendelea na hesabu za sehemu pale alipoishia. Mkono wake ulitetemeka. Niliiona chaki ikiacha mstari uliopinda.

Mimi nina shahada. Wengi humu mna shahada. Nani alitushika mkono tukaandika herufi ya kwanza? Sisemi mpango ule haukuwa na kasoro. Madarasa yalijaa mno, vitabu havikutosha, na wapo waliofundisha wasichokijua. Lakini mwaka 1967 watu wazima wawili katika kila watatu nchini hawakujua kusoma, na kufikia 1986 hesabu za serikali zilionyesha amebaki takriban mmoja katika kumi. Kazi ile ilifanywa na watu hawa hawa tuliowacheka.

Na sitaficha: Mwalimu alichapa. Alichapa sana enzi zile. Baada ya kustaafu mwaka 2016, akiwa na miaka 60, alianza kutembelea watu. Siku moja nilimsindikiza mpaka mwaloni, kwa mvuvi mmoja aliyekuwa anashona nyavu. Mwalimu alisimama, akavua kofia, akasema, "Nilikuchapa ukiwa darasa la nne kwa sababu ya kuchelewa. Kumbe ulikuwa unatoka kuvua na baba yako usiku kucha. Sikukuuliza. Nisamehe." Yule mtu mzima mwenye wajukuu aliweka wavu chini, akashindwa kusema. Kisha akamwambia, "Mwalimu, kaa basi, tule." Tukala sato wa kuchemsha na ugali wa muhogo.

Nyumbani alilea watoto wake sita na sisi watatu wa dada yake. Hatukujua tofauti. Kiinua mgongo chake kilipotoka, baada ya safari nyingi za meli kwenda Mwanza kufuatilia faili, aliezeka kwanza nyumba ya dada yake, ambaye ni mama yangu. Kisha akawa katibu wa chama cha kuzikana. Daftari lake la kaunta mnalijua: wino wa bluu kwa waliotoa, penseli kwa ambao hawajatoa, "ili waweze kufutika bila aibu."

Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na Ukara na kuua watu zaidi ya 220, alivuka kwa mtumbwi wa injini. Alikaa huko akiwasaidia wafiwa kujaza karatasi. Aliporudi hakuzungumza siku mbili. Baadaye aliniambia neno moja tu: kwamba majina mengine aliyaandika mara ya kwanza yeye, kwenye rejista ya darasa la kwanza.

Siku ya mazishi yake mimi nilikuwa kwenye meza ya rambirambi. Foleni ilikuwa ndefu na jua kali. Akafika bibi mmoja mwenye fimbo, mwanafunzi wa lile darasa la 1971, wa mwisho aliyebaki. Kijana aliyeshika kalamu akamwambia kwa adabu, "Bibi, taja jina nikuandikie."

Bibi akanyoosha mkono. "Lete kalamu."

Aliandika polepole, ulimi ukiwa pembeni ya mdomo, na foleni nzima ikasubiri. Jina lake linaanza na K. Nililigeuza daftari nikalitazama, halafu nikaanza kurudi nyuma, ukurasa baada ya ukurasa, nikizitafuta K zote. Nyingi zilikuwa na ndoana.