Bibi wa Visperterminen na Mbegu Zake

Mwangaluka, watu wa Tabora! Isevya mpo? Cheyo? Ng'ambo? Ngojeni kwanza nipumue, huu mlima si wa mchezo.

Niko Visperterminen, kijiji cha jimbo la Valais, huku Uswisi. Naizungusha kamera taratibu msipate kizunguzungu. Mnaona? Mashamba ya zabibu ya ngazi, kila ngazi imeshikiliwa na ukuta wa mawe makavu, hakuna saruji. Kuvuna ni mkasi, kreti na magoti yako tu.

Sasa sikieni. Wenyeji wanajivunia kwamba mizabibu yao ni miongoni mwa iliyo juu kabisa Ulaya, inafika mita 1,150. Nikacheka peke yangu. Tabora mjini ni kama mita 1,200! Tumezaliwa juu kuliko divai yao, na hakuna aliyewahi kutuita watu wa milimani. Ila sisi ikweta iko jirani. Hapa ukizidi kupanda, baridi haiachi zabibu iive. Ndiyo maana wamepanda kwenye mteremko unaopigwa jua, na yale mawe ya kuta yanabaki na joto hata jua likizama. Usiku ukija na baridi yake, zabibu haipotezi uchachu ingawa imejaa sukari. Aina yenyewe ya zabibu wanaiita Heida. Wanavuna mara moja kwa mwaka. Nilipomwambia baba mwenye shamba kwamba Dodoma wanavuna mara mbili, alidhani namtania.

Familia nzima iko shambani, lakini bosi ni bibi. Asubuhi mjukuu alikamua tone la juisi kwenye kile kidude cha kupimia sukari, akachungulia, akasema tayari. Bibi hakujibu. Alichuma punje, akatafuna, akatema mbegu kiganjani: mbili za kahawia, moja bado ina ukijani. Akatikisa kichwa: bado hazijaiva. Safu nzima tukairuka, kidude kikarudi mfukoni.

Nikamkumbuka marehemu bibi yangu wa Sikonge. Akilamba asali kidoleni tu, anakwambia nyuki walikuwa kwenye miyombo au la. Na wanzuki wake, ile pombe ya asali... basi, mama anaangalia video hii, niishie hapo.

Shangazi, najua unanuna. Mimi nimekunywa juisi tu, imetoka kukamuliwa, haijaanza kuchachuka. Tamu hadi midomo inanata!

Haya, bibi ananiita, na kreti langu halijafika hata nusu.